Uchungu wa Mkurugenzi

Kwa heshima na taadhima, umma wote ulitangaziwa kwamba Chuo cha Tiba, kupitia Kurugenzi yake ya Tafiti na Itifaki, kingeandaa Kongamano Kuu la Kitaaluma la Kushirikishana Tafiti za Masomo ya Wanawake na Afya ya Mwanamke, chini ya kaulimbiu isemayo: "Mwanamke Mbele, Sisi Nyuma Yake Tukimwelekeza." Tangazo lilipigwa mihuri miwili, mmoja wa chuo na mmoja wa kukazia, likabandikwa kwenye mlango wa chumba cha mapumziko ya wazazi katika hospitali ya chuo.

Lilibandikwa hapo kwa sababu ya msingi. Chumba hicho, ambamo akina mama waliotoka kujifungua walilala kidogo na kupimwa kabla ya kwenda nyumbani, kilikuwa kimeteuliwa kuwa ofisi ya Sekretarieti ya Kongamano. Kilikuwa na hewa safi, kilikuwa na sinki, na kilikuwa karibu na maegesho ya magari. Chini ya tangazo, kwa herufi za kufinyana, wazazi waliombwa radhi na kushukuriwa kwa moyo wao wa kupisha mjadala unaowahusu. Kwa muda wangepumzika kwenye benchi la koridoni. Waliojifungua asubuhi hiyo walikuwa wamekwisha kuketi hapo, vichanga vifuani, wakitazama maboksi ya mabango yakiingizwa ndani na kulazwa vitandani polepole, yasije yakakunjika.

Mkunga mmoja kijana alilisoma tangazo lile akiwa na beseni mkononi, na moyo wake ukaruka kwa furaha. Hapo ndipo ujue huyu binti alikuwa mtu wa namna gani. Wenzake waliona chumba kimekwenda. Yeye aliona kongamano limekuja.

Alikuwa amemaliza shahada yake ya pili, ya masomo ya wanawake, akisoma jioni na kuzalisha mchana. Utafiti wake ulihusu jambo ambalo watu wengi waliliona dogo mno kutafitiwa: mama akishajifungua, nini humpata kati ya kitanda na geti? Alikuwa amezungumza na wanawake mpaka sauti ikamkauka, na jibu lake halikuhitaji miwani kulisoma. Aliyepumzika na kupimwa alikwenda nyumbani. Ambaye hakupumzika wala kupimwa alirudishwa amebebwa, kama hakufia njiani. Na sasa chumba chenyewe kimejaa mabango.

"Waziri ndiye mgeni rasmi," alimwambia mama yake jioni ile, huku akimnyonyesha binti yake aliyekuwa ameanza kuota meno. "Nikisimama mbele yake nikamweleza, kile chumba kitarudi siku hiyo hiyo."

"Kwani Waziri hajui kuwa mtu akizaa anachoka?" mama yake aliuliza.

"Anajua, mama. Ila hajaambiwa kitaaluma."

"Haya," mama yake alisema. "Kamwambie kitaaluma."

Kamati ya Maandalizi ilikuwa na wajumbe wengi, wote wanaume, na hili lilifanywa kwa makusudi ili kulinda uwiano wa kijinsia. Mada yenyewe tayari ilikuwa ya wanawake. Wangeongezwa wengine kwenye kamati, mizani ingelala upande mmoja. Katibu wa kamati alikuwa bwana mmoja mwenye kalamu tatu mfukoni, na hakuna hata moja iliyokuwa ikiandika. Mkunga alimkuta pale Sekretarieti, amekaa kwenye kitanda cha pembeni, kompyuta juu ya meza ya dawa.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba, dada yangu. Karibu, sogeza hilo bango ukae. Mada yako tumeipitia. Imepita! Safi kabisa."

Mkunga nusura amkumbatie. "Ahsante sana! Nitapewa dakika ngapi?"

"Nani?"

"Mimi."

"Dakika za nini?"

"Za kuwasilisha, kaka."

Katibu alicheka kwa upole, kama mtu anayemtazama mtoto akijaribu viatu vya baba yake. "Kuna Mwongozo, dada. Mbele ya Waziri hasemi mtu aliye chini ya cheo cha mkuu wa idara. Ni kwa usalama wa mgeni. Mada zote za akina mama zitawasilishwa na viongozi. Yako imeangukia kwa Mkurugenzi mwenyewe! Una nyota wewe. Wenzako wamepewa mhasibu."

"Lakini utafiti ni wangu."

"Ulikuwa wako. Mwongozo unasema anayewasilisha ndiye mwandishi, ili watu wasichanganyikiwe. Ila usihofu, na wewe umo. Angalia kwenye shukrani. Pale mwishoni, 'na wengineo'. Huyo ni wewe."

"Kaka, nisikilize. Ukurasa wa kwanza unanihusu mimi, mwili wangu. Kwenye masomo yetu mtafiti huanza kwa kueleza yaliyompata yeye mwenyewe. Nimeandika 'mimi' toka juu mpaka chini. Mkurugenzi hawezi kuyasema yale."

"Mkurugenzi hana asiloliweza."

"Basi aisome kwanza."

"Aisome?" Katibu alishtuka kweli. "Mkurugenzi hasomi mada kabla ya siku yake. Akiisoma mapema inapoa."

Kisha akabonyeza vitufe, kompyuta ikanguruma, na kila palipokuwa na jina la mkunga pakakaa jina la Mkurugenzi. Katibu akamgeuzia kioo aone. "Umeona? Lilikuwa limejaa humo. Sasa hata ulitafute kwa tochi! Teknolojia, dada yangu."

Mkunga hakukata tamaa. Watu wa aina yake hawakati tamaa mapema. Ndiyo maana huchoka sana. Alimvizia Mkurugenzi kwenye ngazi. Mkurugenzi alikuwa mtu wa kimo na tumbo la kiutawala, na alipanda ngazi kana kwamba kila kipandio kilikuwa kimemwandikia barua ya maombi.

"Mkurugenzi, samahani. Ile mada ya wazazi. Naomba usome ukurasa wa kwanza tu."

"Ina picha?"

"Haina."

"Takwimu?"

"Zipo, mzee."

"Zinapanda au zinashuka?"

"Inategemea. Wanaopumzishwa wanashuka, na wanaorudishwa na damu..."

"Nitazipandisha zote," Mkurugenzi alisema, akimpigapiga begani. "Uwe na amani, binti. Uko mikononi mwa watu wazima."

Nyumbani alilia. Alilia kimya kimya, ameipa mgongo taa, lakini mama ni mama.

"Wamekufanya nini?"

Akamweleza. Mama yake alisikiliza mpaka mwisho, mjukuu akiwa amelala mapajani pake.

"Mimi nimeona watu wakiibiwa kuku," hatimaye mama yake alisema. "Nimeona wakiibiwa simu, wakiibiwa waume. Lakini mtu kuibiwa uchungu wa kuzaa! Huyu mtoto nilimtoa mimi mikononi mwako, siku ile ulipotoka hospitali ukaanguka pale jikoni, sakafu yote damu. Leo anayekwenda kuusimulia ni bwana yule mwenye tumbo?"

"Ndiyo utaratibu."

"Ulimwambia asome?"

"Nimemwambia yeye, nimemwambia na Katibu wake."

"Basi tulia. Sisi tulifundishwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mkuu asiposikia la mdogo, hawakutufundisha huvunjika nini. Twende tukaone."

"Sitaki avunjike, mama," mkunga alisema, akifuta pua. "Nataka chumba."

Siku ya kongamano ukumbi ulipendeza. Jukwaani kulikuwa na bango refu lenye picha ya mwanamke anayetabasamu, mwanamke ambaye hakuna aliyemjua, kwa hiyo hakuna aliyemwonea wivu. Safu za mbele walikaa viongozi. Wanawake walioandika mada waliwekwa nyuma, karibu na mlango, wakapewa jukumu mahususi la kupiga makofi. Mkunga alikaa hapo pamoja na mama yake, aliyekuja na mtoto kwa kuwa mtoto anayenyonya hajui makongamano.

Waziri alifungua kwa hotuba kali. Alisema serikali haina mzaha na wizi wa kitaaluma. "Atakayebainika amechukua utafiti wa mwenzake," alinguruma, "atavuliwa cheo hapo hapo aliposimama! Hapo hapo!" Waliopiga makofi kwa nguvu zaidi walikuwa wawasilishaji.

Kisha kazi ikaanza. Mhasibu aliwasilisha mada kuhusu kukoma hedhi, akaieleza kama kufunga mahesabu ya mwaka, na akashauri wanawake wafanye hivyo mapema kuepuka msongamano. Mkuu wa Ulinzi aliwasilisha mada ya uzazi wa mpango, ambayo kwa uelewa wake ilikuwa suala la nani anaingia na nani anatoka. Mwanamke aliyeiandika mada ile alikaa karibu na mkunga, amejifunika uso kwa mkoba.

Ndipo akaitwa Mkurugenzi. Alipanda, akarekebisha tai, akaweka karatasi zake mbele.

"Mheshimiwa Waziri," alianza, "mada hii nimeiandika mwenyewe. Neno kwa neno. Kwa jasho langu."

Makofi.

Sasa, mtu aliyezoea kusoma asichokiandika ana mwendo wake. Macho husoma, mdomo husema, akili hubaki imekaa kando ikila upepo. Mkurugenzi alikuwa bingwa wa mwendo huo. Akasoma kwa sauti nzito, ya kupendeza:

"Mimi, mtafiti, nilijifungua mtoto wa kike alfajiri, katika hospitali hii hii."

Mtu mmoja wa safu ya pili alikohoa. Mkurugenzi aliendelea.

"Uchungu ulinishika tangu jioni. Njia ilifunguka taratibu. Mtoto alipotoka nilichanika, nikashonwa, na ganzi haikutosha. Kabla jua halijakolea niliambiwa nipishe kitanda. Chumba cha mapumziko kilikuwa kimejaa, nikakaa kwenye benchi la koridoni, damu inanitoka, maziwa yananijaa, wala hakuna aliyenishika hata..."

Hapo akili ikarudi. Ilirudi mbio, kama mtu aliyesahau chungu motoni. Mkurugenzi aliacha kusoma. Kule nyuma mama yake mkunga alisema, si kwa sauti kubwa, "Pole, mwanangu," na haikujulikana anampa pole nani.

Waziri alivua miwani. "Mkurugenzi."

"Naam, Mheshimiwa."

"Umejifungua?"

Mkurugenzi alimtazama Katibu. Katibu alikuwa anachunguza dari. Mbele ya Mkurugenzi kulikuwa na njia mbili tu: aseme hakuzaa, maana yake hakuandika, maana yake avuliwe cheo hapo hapo, au aseme amezaa. Alikuwa mtu wa uzoefu mrefu katika utumishi. Hakuchukua muda kupima.

"Ndiyo, Mheshimiwa," alisema. "Nimejifungua."

"Lini?"

Akatazama karatasi. "Alfajiri."

"Alfajiri ya leo?"

Akatazama tena karatasi. "Hapa haijafafanuliwa, Mheshimiwa."

Waziri alisimama, machozi yakimlengalenga. "Mmeona? Mtu amejifungua alfajiri, ameshonwa, ganzi haikutosha, na bado amekuja kazini! Kuna watu humu wanaumwa mafua tu wanaomba ruhusa! Mpigieni makofi!" Wakapiga. Kisha Waziri akapunguza sauti, kama baba. "Lakini kujitolea kuna mipaka. Yuko wapi Afisa Utumishi? Kanuni zinasemaje?"

Afisa Utumishi alisimama. Alikuwa mama wa makamo, na uso wake haukuwahi kuonekana ukicheka tangu aajiriwe; ndiyo sifa iliyompa kazi. "Mtumishi aliyejifungua huanza likizo ya uzazi mara moja, Mheshimiwa. Haruhusiwi kufanya kazi yoyote. Kusoma ni kazi."

"Mheshimiwa," Mkurugenzi alidakia, "nadhani kanuni ile ilikusudia mtumishi wa kike."

"Imeandikwa 'mtumishi'," Afisa Utumishi alisema. "Walioiandika hawakuona haja ya kufafanua."

"Basi ashuke mara moja," Waziri aliamuru. "Msimwache ashuke ngazi peke yake, jamani, mshikeni! Na mada anaimalizia nani?"

"Nafasi ya aliye likizo hukaimiwa na mwenye kuifahamu kazi husika, Mheshimiwa."

"Nani anaifahamu kazi hii?"

Kule nyuma, wanawake wote waligeuza shingo kumtazama mkunga. Mama yake alimsukuma kwa kiwiko. "Nenda. Mtoto niachie."

"Mheshimiwa, kuna suala la cheo," Katibu alisema kwa unyonge. "Yule ni mkunga tu."

"Si anakaimu Mkurugenzi?" Waziri aliuliza. "Cheo gani tena unataka, ukaimu wangu?"

Mkunga alitembea kuelekea jukwaani. Katibu alimkimbilia, akamshika mkono pembeni ya ngazi.

"Dada yangu, nakuomba," alinong'ona. "Sema tu ni yako. Useme ilikuwa makosa ya kuchapa. Mwokoe mzee wa watu."

Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, mkunga aliona jambo zima mbele yake, limenyooka kama kitanda kilichotandikwa. Angesema ni yake, jina lake lingerudi. Lakini aliwajua hawa watu. Ingeundwa kamati ya uchunguzi, kisha kamati ya kuitazama kamati. Mada ingefungiwa kabatini kama kielelezo, Sekretarieti ingeongezewa muda ili kupisha uchunguzi, na wazazi wangebaki benchini wakisubiri ripoti. Alilitaka jina lake. Alilitaka sana, mpaka meno yakamuuma. Akamtazama mama yake kule mbali, na mtoto mwenye meno mawili.

"Kaka," alijibu, "mimi niko kwenye 'na wengineo'."

Akapanda. Akatafuta mahali sauti ile nzito ilipokatikia, akaendelea kusoma: "...wala hakuna aliyenishika hata mkono." Alisoma alivyoondoka pale benchini kwa miguu yake na kuanguka jikoni kwa mama yake. Alisoma ya wanawake wengine, wa vitanda vingine, mmoja baada ya mwingine, mpaka wale wa safu za mbele wakaacha kuchezea simu. Akasoma na mapendekezo. La kwanza, chumba cha wazazi kirudishwe kwa wazazi. La pili, pasiwe na mzazi wa kupumzika benchini. La tatu, kila aliyejifungua apimwe kabla hajaruhusiwa, bila kujali ni nani na anajuana na nani.

"Chumba chenyewe kiko wapi?" Waziri aliuliza.

"Kipo, Mheshimiwa," Katibu alisema.

"Humo sasa hivi kuna nini?"

"Kuna..." Katibu alijikuna. "Kuna sisi."

"Mnatoka lini?"

"Tukimaliza kongamano, Mheshimiwa, kuna kikao cha tathmini ya kongamano, halafu semina ya kutathmini tathmini..."

"Na Mkurugenzi wangu akapumzike wapi? Kwenye benchi?" Waziri alipiga meza. "Mkurugenzi mzima, katoka kushonwa, alale koridoni! Watu watatuelewaje? Hicho chumba kiwe wazi sasa hivi!"

Mkunga aliinamisha kichwa. Msimu mzima wanawake walikuwa wamekaa kwenye benchi lile na hakuna meza iliyopigwa. Lakini meza ilikuwa imepigwa, na yeye hakuwa mtu wa kuuliza imepigiwa nani.

Chumba kiliondolewa mabango kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana katika historia ya chuo. Katibu mwenyewe alibeba maboksi, jasho likimtiririka. Wazazi waliokuwa koridoni waliingizwa, wakalazwa kwenye mashuka safi, na kila kitanda kikapata mtu. Cha dirishani kilipewa Mkurugenzi, aliyeletwa kwa kiti cha magurudumu, mikono juu ya tumbo. Hakuwahi kuonekana mzazi mwenye haya kama yule.

Mama wa kitanda cha jirani, aliyekuwa amejifungua kwa mara ya tano, alijigeuza amtazame vizuri.

"Hongera, baba."

"Ahsante."

"Ulishonwa nyuzi ngapi?"

"Sina maoni kwa sasa."

"Wa kwanza ndiyo huwa hivyo," yule mama alimwambia mwenzake wa upande wa pili. "Mtu anapoteza hata maneno."

"Na maziwa yameshuka?" aliuliza wa upande wa pili.

Simu ya Mkurugenzi ililia. Alikuwa mkewe, habari ilikuwa imekwisha kumfikia, maana habari ya namna ile haisubiri gari. Chumba kizima kilimsikia. "Hongera, mume wangu! Mimi nimekuzalia wanne, kila mara kesho yake niko jikoni nakukaangia mayai. Wewe pumzika. Usiinuke! Mtoto tumwite nani?" Mkurugenzi alikata simu, akajifunika shuka mpaka kidevuni.

Mkunga akaja na beseni la maji ya uvuguvugu, glavu na taulo. Nje ya pazia walisimama Waziri na Afisa Utumishi, waliokuja kuzindua chumba. Mkunga akalivuta pazia, likakizunguka kitanda.

"Habari ya mapumziko, Mkurugenzi?"

"Unataka nini wewe?"

"Kukupima. Nitakuminya tumbo nione kama linarudi, nitaangalia damu inatokaje, halafu nitatazama ulikoshonwa."

"Naahirisha."

"Haliahirishwi. Ni pendekezo la tatu. Umeliandika mwenyewe, neno kwa neno."

Mkurugenzi alishika shuka kwa mikono miwili. Akashusha sauti. "Binti, sogea. Tuongee kikubwa. Mimi... mimi sikuzaa."

"Wengi husema hivyo siku ya kwanza," mama wa jirani alisema kutoka upande wa pili wa pazia. "Mpe tu maji ya moto, mkunga, atatulia."

Mkunga akavaa glavu ya kulia. Akavaa ya kushoto. Hakuwa na uovu moyoni. Alikuwa amewapima wanawake wengi na alijua kuwa mkono wa mpimaji ukiwa baridi mgonjwa hukakamaa. Kwa hiyo akaipasha mikono yake kwenye maji yale, polepole, kisha akaisogeza.

"Si yangu!" Mkurugenzi alipiga kelele. "Mada si yangu! Ni yako! Uliiandika wewe, uchungu wako, mtoto wako, benchi lako! Mimi sikuandika hata nukta! Katibu alibadilisha jina! Toa mikono!"

Kichanga kimoja kilianza kulia, kikanyamazishwa na ziwa. Pazia likafunguliwa kidogo, na uso wa Waziri ukaonekana, umekunjamana kwa fikra.

"Nimesikia vizuri?"

"Umesikia, Mheshimiwa," Afisa Utumishi alisema. "Amekiri wizi wa kitaaluma, na mwenye kazi ametajwa. Hotuba yako inasema avuliwe cheo hapo hapo aliposimama."

Waziri alimtazama Mkurugenzi aliyejikunyata. "Lakini amelala."

"Ndiyo, Mheshimiwa. Hajasimama."

Walitafakari. Mkurugenzi naye alitafakari, na kwa mara ya kwanza tangu aletwe pale uso wake ulipata nuru. Alijiegemeza kwenye mto. Alinyoosha miguu. Kama ni kulala tu, angeweza kulala. Alikuwa na siku zote za likizo ya uzazi, na baada yake siku za kawaida. Akavuta shuka, akalipanga vizuri kifuani, kama mtu anayeanza muhula mpya.

Ndipo mlango uliposukumwa. Msichana mmoja, pengine hata ishirini hajafika, alisimama pale akishikilia fremu kwa mkono mmoja. Mkono mwingine ulikuwa na kichanga kilichofungwa kwenye taulo. Midomo yake ilikuwa imepauka, na kwenye kifundo cha mguu wake kulikuwa na mchirizi wa damu uliokuwa bado unashuka. Alitazama kitanda hiki, akatazama kile.

"Samahani," alisema. "Nimeambiwa sasa hivi kuna pa kulala."

Vitanda vyote vilikuwa na watu. Wanawake wakamgeukia Mkurugenzi, wote kwa pamoja, bila hasira, jinsi watu wa nyumba moja wanavyomtazama aliyekaa kwenye kiti cha mgeni.

"Baba," mama wa jirani alisema, "teremka. Mwenzetu anaanguka."

Mkurugenzi alimtazama Waziri, akamtazama Afisa Utumishi, akautazama mguu wa yule msichana. Aliutazama kwa muda. Kisha akashusha mguu mmoja, akashusha wa pili, akasimama kwa soksi zake kwenye sakafu ya baridi.

Afisa Utumishi akafungua kalamu.

Mkunga hakuona. Alikuwa amekwisha kung'oa shuka la zamani na kutandika jipya, na sasa alikuwa amemshika yule msichana mkono, akimwambia akae kwanza, taratibu, hivyo hivyo, mama, hakuna atakayekuinua hapa.